Mma Ramotswe au Kubu: Ni Riwaya Ipi ya Upelelezi ya Botswana ya Kuanza Nayo?

Msomaji anayetafuta riwaya ya upelelezi iliyo ya upole, yenye mpelelezi ambaye mtu angependa kuwa jirani yake, na yenye mandhari ya Kusini mwa Afrika, kwa kawaida hupewa jina moja tu. Jina hilo ni la Precious Ramotswe, yaani Mma Ramotswe, wa Gaborone, mji mkuu wa Botswana, aliyebuniwa na Alexander McCall Smith katika "The No. 1 Ladies' Detective Agency" ya mwaka 1998. Ushauri huo ni mzuri, lakini humnyima msomaji habari kwamba katika mji huohuo yumo mpelelezi mwingine, David Bengu, afisa wa polisi katika idara ya upelelezi wa jinai, ambaye watu wote humwita Kubu na ambaye alianza kazi mwaka 2008 katika riwaya ya "A Carrion Death" iliyotiwa saini ya Michael Stanley. Wawili hawa wanalingana kwa mambo mengi kiasi kwamba inafaa kuwaweka mezani pamoja kabla ya kutoa fedha dukani. Kipimo nitakachokitumia zaidi ni kimoja, nacho ni kile ambacho mwandishi anaufanyia uovu akishauleta ndani ya hadithi.

Mfanano wao unaanzia mwilini. Mma Ramotswe ana umbo nene ambalo yeye mwenyewe hulihesabu kuwa umbo la asili la wanawake wa kwao, na hana haja ya kulipunguza. Kubu naye amepewa jina la kiboko, kwani hiyo ndiyo maana ya neno hilo kwa Kitswana, na msomaji anayejua Kiganda au Kirundi atalisikia ndani yake neno mvubu au imvubu. Wote wawili hupenda kula, ingawa mmoja hutuliza mawazo kwa chai nyekundu ya rooibos, ambayo kule huitwa chai ya porini, na mwingine hutafuta mvinyo mzuri na huimba nyimbo za opera garini kwa sauti ambayo wenzake wangependa aipunguze. Wote wawili pia wana mizizi Mochudi, kijiji kikubwa kilichoko kaskazini mwa Gaborone: Mma Ramotswe alilelewa huko, na wazazi wa Kubu, Wilmon na Amantle, wanaishi huko, naye huwatembelea pamoja na mkewe Joy kwa adabu ambayo msomaji yeyote aliyewahi kwenda kuwaamkia wazee siku ya mapumziko ataitambua mara moja.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Mma Ramotswe hana cheo, hana bunduki ya serikali wala maabara. Baba yake, Obed Ramotswe, alifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini hadi vumbi likamharibu mapafu, na alipofariki alimwachia bintiye ng'ombe 180, idadi ambayo nchini Botswana ni utajiri unaoeleweka bila maelezo. Baba alitarajia binti auze mifugo na kufungua duka au bucha. Binti aliuza, akafungua ofisi ya upelelezi chini ya kilima cha Kgale, akiwa na kigari chake kidogo cheupe, meza, mashine ya kuandikia na birika la chai. Sura ambamo Obed mwenyewe anasimulia maisha ya mgodini ni, kwa maoni yangu, sura bora kuliko zote katika kitabu hicho, ingawa haina upelelezi wowote, na msomaji asiyeipenda sura hiyo na afunge kitabu hapo hapo, kwa sababu mfululizo mzima umejengwa juu ya mapenzi ya binti kwa mzee yule.

Kesi zake ni ndogo na nyingi, zikiwa zimepangwa kama hadithi fupi zinazopokezana. Mama mmoja anamleta mzee aliyejitokeza nyumbani kwake akidai kuwa ni baba yake aliyepotea, naye anakula, analala na hataki kufanya kazi. Mma Ramotswe anavaa sare ya muuguzi na kumwambia mzee kwamba binti yake amepata ajali na anahitaji damu nyingi ya baba, hata kama kuitoa kunaweza kumgharimu maisha, na papo hapo mzee anakumbuka kwamba hana undugu na mtu huyo. Msomaji aliyekua akisikia kisa cha Nabii Suleimani na wanawake wawili waliogombea mtoto ataiona hila hiyo inakuja tangu mbali, lakini ataifurahia vilevile. Katika kesi nyingine mume wa mtu ametoweka wakati wa ubatizo mtoni, wote wanadhani amekimbilia kwa mwanamke mwingine, na jibu linapatikana tumboni mwa mamba. Hakuna alama za vidole zinazochunguzwa. Kinachofanya kazi ni ujuzi wa mwanamke mtu mzima anayejua nani ni shemeji wa nani, nani amenunua gari ambalo mshahara wake hauliwezi, na ni swali gani likiulizwa kwa upole litajibiwa na mjakazi jikoni.

Kubu hana nafasi ya namna hiyo. "A Carrion Death" inaanza jangwani Kalahari, ambako askari wa wanyamapori na mgeni wake wanakuta fisi akiila maiti ya binadamu, na inakuwa wazi kwamba aliyeiweka pale alitegemea fisi wamalize kazi, kwa sababu fisi hutafuna hata mifupa. Kutoka kwenye maiti hiyo uzi unavutwa hadi kwenye kampuni kubwa ya ng'ombe na madini, almasi, urithi wa familia na njama za watu wenye ofisi za vioo. Riwaya hii ina kurasa zaidi ya 400, wakati ile ya kwanza ya Mma Ramotswe haifiki 300, na wahusika wake ni wengi kiasi kwamba waandishi wameona heri kumwekea msomaji orodha ya majina. Nasema waandishi kwa sababu Michael Stanley ni watu wawili, Michael Sears na Stanley Trollip, wote wazaliwa wa Afrika Kusini, na uwili huo unaonekana katika uimara wa mpango wa hadithi: kila kilichotajwa mapema kina kazi yake baadaye, jambo ambalo kwa McCall Smith mtu hapaswi kulitegemea.

Hata hivyo, msomaji asidanganywe na fisi akadhani kwamba kitabu cha Kubu ni cha ukatili. Kubu mwenyewe ni mtu mpole, mvumilivu, anayemheshimu bosi wake Mabaku hata anapomkera, na anayerudi nyumbani kwa mkewe. Utotoni alikuwa na rafiki wa jamii ya Wasani, wenyeji wa asili wa Kalahari, aitwaye Khumanego, aliyemfundisha kutazama mchanga uliokuwa mtupu machoni pake hadi akaona umejaa viumbe na alama. Mafunzo hayo ndiyo yaliyomfanya mpelelezi, na kumbukumbu ile inabeba uzito zaidi katika kitabu cha tatu, "Death of the Mantis" cha mwaka 2011, ambamo mashaka ya mauaji yanaelekezwa kwa Wasani. Mtu anayependa fumbo lililofungwa kwa makini, na ambaye angependa kujifunza namna Botswana inavyofanya kazi kama dola, yaani polisi, wizara, migodi na mipaka yake, atamkuta Kubu ni mwenyeji bora. Mma Ramotswe atamwonyesha nchi hiyo kutoka kwenye kiti cha barazani.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna faida moja ambayo wasomaji wengi wa Ulaya hawana. Kitswana ni ndugu wa lugha yetu, na viambishi vyake vinajieleza vyenyewe: Motswana ni mtu mmoja, Batswana ni wengi, Setswana ni lugha, Botswana ni nchi, sawasawa na m-, wa-, ki- na u- zetu. Maneno Mma na Rra, ambayo wahusika wa McCall Smith huyatumia karibu katika kila sentensi hadi msomaji wa Kiingereza huyaona kama pambo, kwetu ni adabu ya kawaida tu, kama Bibi na Bwana, au Mama na Baba tunapomwita mtu tusiyemzaa wala kutuzaa. Vivyo hivyo, fundi wa magari anayemposa Mma Ramotswe huitwa Bwana J.L.B. Matekoni na kila mtu, hata na mwanamke atakayekuwa mkewe, na jambo hilo ambalo wengine hulicheka halitamshangaza mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo mama hakutaja jina la baba hata siku moja. Kiingereza cha McCall Smith ni chepesi, sentensi zake ni fupi na wahusika huzungumza kwa utaratibu, hivyo kitabu kinamfaa hata mwanafunzi wa sekondari. Kile cha Michael Stanley kinahitaji msomaji aliyezoea msamiati wa polisi, daktari wa maiti na biashara.

Sasa nifike kwenye kipimo nilichokitaja mwanzoni, na hapa namwonya msomaji kwamba nitafichua kidogo. Upo uhalifu mmoja unaojirudia katika riwaya za Botswana, nao ni wa kumteka mtoto kwa ajili ya muti, yaani dawa iliyochanganywa na viungo vya binadamu ili kumpa mtu mali au madaraka. Neno lenyewe lina asili moja na mti wetu, ule wa miti shamba, na ndiyo maana linauma zaidi linapotumika kwa jambo hili. Uhalifu huo si wa kubuni. Mwaka 1994 msichana wa shule aliuawa Mochudi, na hasira ya wananchi dhidi ya uchunguzi uliosuasua ilizaa maandamano na ghasia zilizofika hadi Gaborone. Msomaji wa Tanzania aliyefuatilia habari za mauaji ya watu wenye ualbino hahitaji kuelezwa hofu hiyo inafananaje.

McCall Smith analeta jambo hilo katika kitabu chake cha kwanza kabisa, ambamo mwalimu wa kijijini anamwandikia Mma Ramotswe kuhusu mwanawe aliyetoweka. Mpelelezi wetu anaingia katika nyumba ya tajiri anayeogopwa na wote, anamtafuta mganga, na hatimaye mtoto anapatikana akiwa hai katika malisho ya mbali. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilipumua, na niliposoma mara ya pili nilijiuliza kama mwandishi alikuwa na haki ya kunipumzisha kwa urahisi ule. Huo ndio upole wake: uovu anauleta, anauacha usimame mlangoni, kisha anaufunga nje. Ukimwi pia, uliokuwa ukiiangamiza Botswana kuliko karibu nchi yoyote wakati vitabu vya mwanzo vilipoandikwa, hupita katika mfululizo huo zaidi kama huzuni isiyotajwa jina.

Michael Stanley wanalishughulikia suala hilohilo katika "Deadly Harvest" ya mwaka 2013, ambayo ni ya nne katika mfululizo. Wanampa kesi ya wasichana waliotoweka afisa mpya, Samantha Khama, mwanamke wa kwanza katika idara ya Kubu, ambaye hakubali jibu la kwamba watoto hupotea tu. Uovu hapa hauzuiwi mlangoni. Unaingia ndani, unaua, lakini mwisho una mkono wa sheria unaoushika. Msomaji anahuzunika, ila hafungi kitabu akiwa na hisia kwamba dunia imeachwa wazi.

Wa tatu analazimika kutajwa hapa ingawa yeye hana upole hata kidogo. Unity Dow, mzaliwa wa Mochudi, ndiye mwanasheria aliyeishtaki serikali ya Botswana kwa kuwanyima uraia watoto wa mama Mtswana aliyeolewa na mgeni, akashinda hata katika rufaa mwaka 1992. Mwaka 1998 akawa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na baadaye akawa waziri. Riwaya yake "The Screaming of the Innocent" ya mwaka 2002 inamfuata Amantle Bokaa, msichana anayefanya kazi ya kujitolea kwa taifa katika zahanati ya kijijini, ambaye anafungua boksi lililosahaulika na kukuta nguo zenye damu za mtoto aliyetoweka miaka mitano kabla, mtoto ambaye polisi walisema ameliwa na wanyama. Wauaji tunawajua tangu kurasa za mwanzo, nao ni watu wenye heshima zao, kwa hiyo kinachopelelezwa ni ukimya wa ofisi. Mwisho wake sitausema. Anayetaka kulala vizuri asianze nacho, lakini aliyemaliza vitabu vitatu au vinne vya Mma Ramotswe na kuanza kuhisi utamu umezidi, hicho ndicho cha kumkata kiu.

Ni kweli kwamba suala la nani anasimulia lina nafasi yake hapa. McCall Smith alizaliwa Bulawayo mwaka 1948, akawa profesa wa sheria ya tiba Edinburgh, na katika miaka ya 1980 alishiriki kuanzisha mafunzo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Botswana. Anaipenda nchi hiyo, lakini anaipenda kama mgeni aliyepokelewa vizuri. Michael Stanley ni majirani wa upande wa pili wa mpaka. Dow ni mwenyeji, na mwenyeji ndiye mwenye ruhusa ya kuikemea nyumba yake kwa sauti. Sioni sababu ya kumkataa mgeni kwa kuwa anasifu, ila si vyema kumchukua yeye peke yake kuwa shahidi.

Kuna chaguo jingine kwa wanaotaka upole na jiko pamoja. Sally Andrew wa Afrika Kusini alitoa "Recipes for Love and Murder" mwaka 2015, na humo mpelelezi ni Tannie Maria, mjane wa Ladismith katika eneo kame la Klein Karoo, ambaye huandikia gazeti la mtaa safu ya mapishi hadi anapobadilishiwa kazi na kupewa safu ya ushauri, naye humjibu kila mwenye shida kwa shauri na pishi. Tannie ni neno la Kiafrikana la kumwita mwanamke mkubwa kwa heshima, kama sisi tunavyosema shangazi au anti kwa asiye ndugu. Mwanamke mmoja anayepigwa na mumewe anamwandikia, kisha anauawa, na Maria, ambaye marehemu mumewe pia alikuwa akimpiga, hawezi kuliacha jambo lile mikononi mwa polisi peke yao.

Hapa ulinganisho na Mma Ramotswe unafaa sana, kwa kuwa naye aliwahi kuolewa na mpiga tarumbeta, Note Mokoti, aliyempiga na kumwacha, na mtoto wao hakuishi. McCall Smith anasimulia ndoa hiyo kwa kurasa chache na maumivu yake yanabaki chini ya kila utani unaofuata. Sally Andrew analitoa kovu hilo hadharani na kulifanya kiini cha kitabu, kisha analifunika kwa keki na mchuzi wa kondoo kiasi kwamba mara nyingine sikujua kama ninapaswa kulia au kuandika vipimo vya unga. Mapishi yenyewe yamewekwa mwishoni mwa kitabu. Kwa ufundi wa kuumba mtu ninampa Mma Ramotswe ushindi. Kwa ujasiri wa kutazama kipigo cha nyumbani bila kugeuza uso, Tannie Maria.

Kuhusu mpangilio wa kusoma, Mma Ramotswe anadai utaratibu, kwa kuwa uchumba wake na Bwana Matekoni, na kupanda ngazi kwa katibu wake Mma Makutsi, aliyehitimu chuo cha ukatibu kwa asilimia 97 na asiyeacha kuikumbusha dunia alama hiyo, vinasonga taratibu kutoka kitabu hadi kitabu, na sasa vimezidi 20. Si lazima kuvisoma vyote. Kuanzia cha kumi hivi kesi zinazidi kuwa kisingizio cha mazungumzo, jambo ambalo wengine ndilo wanalolifuata. Kubu anaweza kuanzwa popote, na mimi humshauri mwenye haraka aanze na "Death of the Mantis" kwa kuwa ni kifupi na safi zaidi kuliko cha kwanza. Asiyependa kusoma kabla ya kuonja anaweza kutafuta tamthilia ya televisheni ya Mma Ramotswe, ambayo filamu yake ya kwanza ilionyeshwa na BBC Machi 2008, Jill Scott akiwa mhusika mkuu. Ilipigwa Botswana kwenyewe, na mwangaza wake wa asubuhi unalingana na ule wa kitabu, ingawa waigizaji wake Waamerika wanahangaika kidogo na lafudhi.

Mwenye fedha ya kitabu kimoja tu, ambaye hajawahi kumsoma yeyote kati ya hawa, anunue cha mwaka 1998 na asome sura mbili za kwanza. Akifika pale Obed anaposimulia maisha yake na akajikuta ameacha kusoma ili atazame nje kidogo, aendelee. Akijikuta anauliza maiti iko wapi, akibadilishe achukue cha Kubu.